Mwanahabari na kesi iliyokwisha: Haki ya mfungwa mmoja isizae mfungwa mwingine

KWA miaka 15 kesi ya Anthony Porter ilisimuliwa nchini Marekani kuwa fahari ya uanahabari wa upekuzi. Mtu aliyekuwa akingoja kuuawa na serikali alikuwa ameokolewa na mwalimu wa chuo kikuu, wanafunzi wake wachache na mpelelezi wa kibinafsi. Kisha, mnamo Oktoba 30, 2014, mtu mwingine kwa jina Alstory Simon akaachiliwa kutoka gerezani katika jimbo la Illinois. Yeye alikuwa amefungwa kutokana na kazi ile ile iliyomwokoa Porter.

Mauaji yalikuwa yale yale. Wafungwa walikuwa wawili kwa nyakati mbalimbali, na wote wawili waliachiliwa kwa sababu hukumu zao hazikuweza kutegemewa. Ndiyo maana kesi hii inastahili kuangaliwa na kila chumba cha habari kinachokusudia kuchunguza hukumu zilizotolewa kimakosa, vikiwemo vyumba vya habari vya Kenya. Inaibua swali ambalo wanahabari hawapendi kuulizwa: Je, anayefichua dhuluma za polisi ana ruhusa ya kutumia mbinu za polisi?

Saa 50 kabla ya kuuawa

Usiku wa Agosti 15, 1982, kijana mmoja na mchumba wake walipigwa risasi na kuuawa katika bustani ya Washington Park, kusini mwa jiji la Chicago. Porter alishtakiwa, na mwaka uliofuata akapatikana na hatia na kuhukumiwa kifo. Nguzo ya kesi dhidi yake ilikuwa maneno ya mashahidi waliosema walimwona bustanini usiku huo.

Rufaa zake ziligonga mwamba moja baada ya nyingine. Mnamo Septemba 1998, zikiwa zimesalia saa 50 hivi auawe, Mahakama ya Juu ya Illinois ilisimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Majaji hawakufanya hivyo kwa kutilia shaka hatia yake. Kilichowatatiza ni uwezo wake wa kiakili: alipopimwa alipata alama 51, ilhali wastani wa watu hukadiriwa kuwa 100, na ilitakikana kubainishwa iwapo alielewa adhabu iliyomkabili.

Ni kupitia mwanya huo ambapo Profesa David Protess, aliyefunza uanahabari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, aliingia na wanafunzi wake. Walienda bustanini wakaigiza tukio jinsi lilivyosemekana kutokea, wakashuku kama shahidi mkuu angeweza kuona alichodai kukiona. Shahidi huyo alipofuatwa alibadilisha maneno yake, akasema polisi walimshinikiza amtaje Porter.

Kama kazi ingekomea hapo, pengine Porter angepata kesi mpya na hakuna ambaye angekuwa na la kulaumu. Lakini haikukomea hapo. Mnamo Februari 1999 mpelelezi wa kibinafsi aliyeshirikiana nao, Paul Ciolino, alifika nyumbani kwa Simon katika jiji la Milwaukee. Alimwonyesha kanda ya video ya mtu aliyedai kumwona Simon akiua. Mtu huyo hakuwa shahidi wa lolote; alikuwa akiigiza tu. Kabla ya Ciolino kuondoka, Simon alikuwa amenaswa na kamera akikiri kwamba ndiye aliyefyatua risasi, ingawa alidai alikuwa akijikinga.

Baadaye Simon alieleza kwamba alitishwa kwa bunduki, na kwamba aliahidiwa kifungo kifupi pamoja na pesa ambazo zingetokana na vitabu na filamu. Ciolino amekanusha kumlazimisha. Lisilo na ubishi ni kwamba video ya uongo ilitumika, na kwamba wakili aliyemwakilisha Simon baadaye alipendekezwa na mpelelezi yule yule aliyemfanya akiri.

Ungamo hilo lilipeperushwa kwenye televisheni na siku chache tu baadaye Porter akawa huru. Septemba mwaka huo Simon alikubali mashtaka mahakamani, akamwomba msamaha mama ya mmoja wa marehemu, na akafungwa miaka 37. Ilionekana kwamba kila jambo lilikuwa limepata mahali pake.

Taathira ya kesi hiyo haikuwa ndogo. Mnamo Januari 2000, Gavana George Ryan alisitisha utekelezaji wa hukumu zote za kifo katika jimbo lake. Hesabu aliyoitoa ilitisha: tangu 1977 Illinois ilikuwa imewaua wafungwa 12, na katika kipindi hicho hicho wengine 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wameondolewa hatia. Januari 2003, akikaribia kuondoka mamlakani, alibatilisha adhabu za kifo za wafungwa zaidi ya 160. Mwaka 2011 jimbo hilo likafuta adhabu hiyo kabisa.

Ni muhimu ieleweke kwamba uamuzi huo haukuegemea kesi moja. Miongoni mwa waliosamehewa na Ryan walikuwemo wanne waliosema walikiri mauaji baada ya kuteswa na polisi wa Chicago waliokuwa chini ya kamanda Jon Burge. Illinois ilikuwa imejifunza kwa gharama kubwa kwamba mtu anaweza kukiri asilolifanya. Hata hivyo, wakati somo hilo lilipokuwa likifunzwa, ungamo la Simon lilipokelewa kwa vifijo kwa kuwa tu aliyelichukua hakuvaa sare.

Mnamo 2014 kiongozi wa mashtaka wa Kaunti ya Cook, Anita Alvarez, aliiambia mahakama kwamba hukumu ya Simon haingeweza kuendelea kutetewa. Alieleza kwamba uchunguzi uliomtia Simon gerezani ulikuwa umechafuliwa kiasi cha kutoaminika tena, na kwamba mbinu zilizotumika hazingekubaliwa hata kama zingetumiwa na polisi. Hakutangaza kwamba Porter aliua, wala hakutangaza kwamba Simon hakuua. Mwaka uliofuata Simon alishtaki chuo kikuu hicho, na mnamo 2018 pande hizo mbili zikasuluhisha kesi nje ya mahakama.

Nyani haoni kundule

Mwanahabari anayechunguza hukumu iliyokwisha kutolewa hukabiliwa na maswali mawili ambayo hufanana lakini si mamoja. La kwanza ni iwapo mshtakiwa alitiwa hatiani kwa njia iliyo halali na kwa ushahidi wa kutosha. La pili ni nani hasa aliyetenda kosa. Swali la kwanza linaweza kujibiwa kwa kusoma kumbukumbu za mahakama, kulinganisha maneno ya mashahidi, kupima umbali na mwangaza, na kutafuta kile ambacho polisi walikijua lakini hawakukisema. Hiyo ni kazi ya kalamu.

Swali la pili ni la namna nyingine. Kulijibu kwahitaji uwezo wa kukamata, kupekua na kuhoji, na kwa sababu uwezo huo ni hatari, sheria imeuwekea mipaka. Polisi anapomtisha mshukiwa, angalau upo uwezekano wa hakimu kulitupa ungamo hilo. Mwanahabari anapomtisha mtu sebuleni mwake, hakuna hakimu. Ungamo huenda hewani jioni hiyo hiyo na umma hutoa hukumu kabla ya kulala.

Hapo ndipo methali ya nyani na kundule inapowafaa wanahabari. Porter alitiwa hatiani kwa maneno ya shahidi ambaye baadaye alisema alishinikizwa. Waliomtetea walikerwa na dhuluma hiyo, na walikuwa na haki ya kukerwa. Lakini ili kuiondoa, walikubali ushahidi uliopatikana kwa hila kutoka kwa mtu asiye na wakili. Makosa waliyoyaona kwa polisi waliyarudia wenyewe wakiamini kwamba nia njema huyatakasa.

Wapo watakaopinga hoja hii, na upinzani wao una uzito. Watauliza: Ni afisi gani ya mashtaka itakayofungua jela kwa sababu mwandishi ameonyesha dosari katika ushahidi wa shahidi mmoja? Mahakama za rufaa hudai ushahidi mpya, na hakuna ushahidi mpya unaosikika kuliko jina la muuaji mwingine. Porter alikuwa ameponea kifo kwa saa 50. Mtu aliye karibu na kuuawa hana muda wa kusubiri taratibu za kiungwana.

Jibu linapatikana katika kazi ya awali ya Profesa Protess huyo huyo. Mnamo 1996 yeye na wanafunzi wake walisaidia kuwakomboa wanaume wanne waliofungwa kwa mauaji ya mwaka 1978 ya mwanamume na mwanamke waliokuwa wametekwa nyara karibu na Chicago. Wawili kati ya wanne hao walikuwa wamewahi kuhukumiwa kifo. Katika kumbukumbu za polisi kulikuwa na taarifa iliyotolewa siku chache tu baada ya mauaji, ikiwataja watu wengine, na haikuwa imefuatiliwa. Uchunguzi wa DNA uliwaondolea lawama wanne hao, kisha waliohusika hasa wakatiwa hatiani. Mnamo 1999 Kaunti ya Cook ilikubali kuwalipa fidia ya dola milioni 36.

Katika kesi hiyo pia wakosaji wengine walitajwa. Kwa hivyo, tofauti haiko katika kumtafuta au kutomtafuta mkosaji. Tofauti ni kwamba ile karatasi ya polisi na zile chembechembe za DNA zilikuwepo kabla ya mwanahabari kuzaliwa kitaaluma, na zingekuwepo hata kama hangefika. Mwanahabari alizifukua tu. Ungamo la Milwaukee, kwa upande mwingine, halikuwepo hadi mpelelezi alipobisha mlango. Huu ndio mzani ambao kila mhariri angepaswa kuutumia kabla ya kuchapisha: Je, ushahidi huu unasimama wenyewe, au unasimama kwa kumshika bega mwandishi?

Mafunzo ya Uingereza

Uingereza ilipitia mtihani kama huo mapema zaidi. Shirika la BBC lilianzisha mnamo 1982 kipindi cha televisheni kilichoitwa Rough Justice, kilichojitolea kuchunguza hukumu zenye walakini. Mwaka 1985 kipindi hicho kilimsaidia mtu mmoja kufutiwa hatia ya wizi. Lakini Jaji Mkuu wa Uingereza wakati huo, Lord Lane, aliwashutumu vikali watayarishaji wake kwa namna walivyompata mlalamishi abadilishe maneno yake, na BBC ikawasimamisha kazi wawili kati yao kwa muda. Mfungwa alikuwa na haki, na ukweli ukajulikana, ila mjadala ukahama kutoka kwa makosa ya polisi ukaelekea kwa makosa ya wanahabari. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa afisa anayetaka kuficha uzembe wake.

Kinyume chake ni kazi ya Chris Mullin kuhusu watu sita wa asili ya Ireland waliofungwa maisha mwaka 1975. Walilaumiwa kwa mabomu yaliyolipuliwa katika baa mbili za jiji la Birmingham mnamo Novemba 21, 1974 na kuwaua watu 21. Akishirikiana na kipindi cha televisheni cha World in Action, na baadaye kupitia kitabu, Mullin alionyesha udhaifu wa vipimo vya maabara na wa maungamo ambayo wafungwa walisema walipigwa ndipo wakayatoa. Mahakama ya Rufaa iliyoongozwa na Lord Lane iliwakatalia mnamo 1988. Watu hao waliachiliwa Machi 14, 1991, miaka 16 baada ya hukumu.

Katika pekuapekua yake Mullin alizungumza pia na mtu aliyehusika na mashambulizi hayo, baada ya kumwahidi kwamba hatamtaja. Zaidi ya miaka 30 baadaye polisi walimpeleka mahakamani wakitaka afichue jina hilo. Mnamo Machi 2022 jaji aliamua kwamba hatalazimishwa kufanya hivyo.

Uamuzi huo ulisifiwa na wanahabari, lakini uliwaumiza baadhi ya jamaa za watu 21 waliouawa, ambao hawajaona yeyote mwingine akitiwa hatiani. Uchungu wao hauwezi kupuuzwa kwa kutaja uhuru wa vyombo vya habari pekee. Ahadi ya siri humfungua chanzo cha habari mdomo, na wakati huo huo humfungia mwingine mlango wa haki. Mwanahabari anayeitoa sharti ajue kwamba ataibeba maisha yake yote, na kwamba mzigo huo utawalemea pia watu ambao hakuwahi kuwauliza.

Anayelipia hila ni mfungwa

Huenda mtu akadhani kwamba mwanahabari akikiuka maadili, anayeumia ni yeye na mwajiri wake. Kesi ya Anthony McKinney inaonyesha vinginevyo. McKinney alikuwa akitumikia kifungo cha maisha huko Illinois kwa mauaji ya mlinzi mwaka 1978. Wanafunzi wa Protess walichunguza kesi yake kwa miaka mitatu, wakakusanya ushahidi uliotilia shaka hatia yake, na mawakili wakauwasilisha mahakamani.

Mnamo 2009 viongozi wa mashtaka waliwageukia wanafunzi wenyewe. Walidai barua pepe zao, maandishi yao na hata alama walizopata darasani, wakitaka kujua kama walikuwa na sababu ya kupendelea upande mmoja. Chuo kilipinga mwanzoni. Mnamo Aprili 2011 kikatangaza kwamba Protess alikuwa amewapotosha wakuu wake na mawakili kuhusu nyaraka zilizokuwa zimepeanwa, na mwaka huo huo akaondoka chuoni. Septemba 2011 jaji aliamua kwamba wanafunzi hao walifanya kazi kama wapelelezi wa upande wa utetezi, si kama wanahabari, na hivyo hawakuwa na kinga ya sheria inayolinda wanahabari wa Illinois.

McKinney alifariki gerezani Agosti 2013 kabla ya mahakama kuamua kama alikuwa na hatia au la. Hakutunga barua pepe yoyote, hakumdanganya mtu, wala hakuamua nani awe wakili na nani awe mwandishi. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.

Sheria za Kenya na kazi inayosubiri

Hapa Kenya kazi ya aina hii haina uhaba. Kwa miaka mingi washtakiwa wa wizi wa kimabavu, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, walifikishwa mbele ya mahakimu wengi wao wakiwa hawana wakili, kwani serikali iliwapa mawakili washtakiwa wa mauaji pekee. Ingawa hakuna mfungwa aliyenyongwa tangu 1987, na ingawa Mahakama ya Juu iliamua mnamo Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu kwamba si lazima kila anayepatikana na hatia ya mauaji ahukumiwe kifo, kupunguziwa adhabu si kuondolewa hatia. Aliyefungwa bila kosa hubaki na jina la mhalifu.

Mwandishi anayetaka kufukua kesi kama hizo ana mahali pa kuanzia. Tangu mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mshukiwa katika mazingira magumu upimwe kwa tahadhari kubwa mno. Anayesoma mwenendo wa kesi akiuliza taa ilikuwa wapi, shahidi alisimama umbali gani na kama alimjua mshtakiwa awali, hatahitaji kamera iliyofichwa. Isitoshe, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa msingi wa kuomba nyaraka kutoka kwa taasisi za umma.

Ipo pia njia ya kisheria ya kufikisha atakachokipata. Kifungu cha 50(6) cha Katiba ya 2010 kinamruhusu aliyemaliza rufaa zake, au ambaye muda wake wa kukata rufaa ulipita, aombe Mahakama Kuu aanzishiwe kesi mpya iwapo umepatikana ushahidi mpya na wenye uzito. Lakini kifungu hicho hicho, katika sehemu ya nne, kinaagiza kwamba ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za mtu utupiliwe mbali ikiwa kuukubali kutaharibu haki. Hila inayomfurahisha mtazamaji wa televisheni yaweza kumharibia mfungwa nafasi yake ya pekee.

Sheria ya Ushahidi nayo imekwisha kutambua hatari ya maungamo. Kifungu cha 25A chataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, huku mshukiwa akiandamana na mtu aliyemchagua mwenyewe. Ikiwa Bunge liliona kwamba Inspekta wa polisi hawezi kuaminiwa akiwa peke yake na mshukiwa, mwandishi mwenye simu ya mkononi ataaminiwa kwa lipi? Hata kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 ziliruhusu udanganyifu pale tu ulipohitajika kwa maslahi ya umma na habari isipatikane kwa njia nyingine.

Masharti ya kazi hii hayahitaji kitabu kizima. Mfungwa aelezwe siku ya kwanza kwamba mwandishi si wakili wake, na kwamba yatakayopatikana yatachapishwa hata yakimwangamiza. Shahidi asilipwe wala kuahidiwa. Mazungumzo yote yarekodiwe tangu salamu hadi kwaheri, na si dakika tano za kukiri pekee. Ushahidi unaomwelemea mfungwa uwekwe mbele ya msomaji kwa uzito ule ule. Atakayetajwa kuwa mkosaji mwingine apewe nafasi ya kujibu akiwa na wakili wake, na jina lake lisitangulie ushahidi. Na kabla ya habari kuchapishwa, jamaa za marehemu waisikie kutoka kwa mwandishi, wasiipate kwa majirani.

Masharti hayo yatachelewesha habari nyingi na kuzizuia nyingine. Wahariri wenye haraka ya kichwa cha habari hawatayapenda. Lakini mwanahabari anayethibitisha kwamba kesi haikuthibitishwa amekwisha kutimiza wajibu mkubwa, hata kama hana muuaji wa kumkabidhi msomaji. Kuna wakati ambapo jibu la kweli ni kwamba haijulikani, na jibu hilo lahitaji ujasiri kuliko ungamo lolote.

Porter alifariki mwaka 2021. Simon alipoteza miaka 15 gerezani. Kuhusu vijana wawili waliopigwa risasi Washington Park mwaka 1982, familia zao ziliambiwa mara mbili kwamba muuaji amepatikana, na mara mbili zikamwona akifunguliwa lango.